Ukimhoji mzee habari za vitu vya makumbusho, majibu yake yanarudi wapi?

Mwana_Kamalondo (Lubumbashi)

Ndugu zangu, jambo lenu.

Huu ni wakati wa tasnifu. Vijana wa mwaka wa mwisho wamejaa mjini na madodoso mikononi, na kadhaa wamenifuata niwaonyeshe namna ya kuhoji wageni wa makumbusho na wazee wanaojua habari za vitu vilivyomo. Kazi yangu ni hiyo: nahoji, naandika mahojiano neno kwa neno, na jumba la maonyesho likitaka kujua kama watu wameambulia kitu, naandaa tathmini. Badala ya kumrudia kila mmoja, naweka hapa. Ni ndefu. Anayepinga apinge.

Ninachosema ni hiki: mtu akishajibu swali lako, anakudai. Lile jibu si mali yako, umekabidhiwa tu. Na deni hilo halilipwi kwa kuandika jina lake kwenye ukurasa wa shukrani wa kitabu ambacho hatakiona maisha yake yote.

Wengi wakisikia "maadili ya utafiti" wanafikiria mafuvu ya watu, na wana sababu. Desemba 1884, upande wa Ziwa Tanganyika, watu wa afisa Mbelgiji Émile Storms, aliyekuwa na kituo Mpala, walimuua chifu Lusinga wa Watabwa na kumkata kichwa. Fuvu likavuka bahari. Mwaka 1886 daktari Émile Houzé akalizungumzia mbele ya Chama cha Anthropolojia cha Brussels, akiwa amelipima. Vipimo vilikuwepo, wasikilizaji waliosoma walikuwepo, ripoti ikaandikwa. Kwa macho ya wakati ule ilikuwa sayansi safi. Na hata sheria ya Ubelgiji ya tarehe 3 Julai 2022 juu ya kurudisha vitu vilivyochukuliwa enzi za ukoloni haigusi mabaki ya binadamu. Na zaidi ya miaka 130 imepita.

Lakini nisingependa mkae na Storms mkajiona salama. Hakuna kati yetu atakayekata kichwa cha mtu. Makosa yetu ni ya kalamu na simu.

Chukueni mfano wa hapa kwetu. Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji wa mji huu, mwaka 1973 na 1974 alichora picha 101 za historia ya nchi, akamweleza mwanaanthropolojia Johannes Fabian picha moja baada ya nyingine, kwa Kiswahili chetu hiki cha Shaba, jina la zamani la Katanga, na yote yakanaswa kwenye kanda. Picha zikanunuliwa. Leo ziko makumbusho, Amsterdam. Tshibumba mwenyewe alipotea mwanzoni mwa miaka ya 1980 na hakusikika tena. Je, Fabian alifanya vibaya? Mimi nasema hapana, na nasema hivyo nikiwa nimeyapima. Alilipa kazi ya mtu, alimtaja kwa jina lake kamili kama mwanahistoria, hakumgeuza "mtoa habari fulani wa Lubumbashi". Na baadaye maandishi ya mazungumzo yale yakawekwa kwenye intaneti kwa Kiswahili kilekile kilichotoka mdomoni. Kijana wa Katuba mwenye simu anaweza kuyasoma leo usiku. Picha, hapana, kwa picha anahitaji viza. Sehemu ya deni imelipwa, sehemu bado, na ndivyo kazi nyingi nzuri zilivyo.

Halafu kuna Mémoires de Lubumbashi, mradi ulioanza mwaka 2000 na mwanahistoria wetu wa UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu pamoja na Bogumil Jewsiewicki. Watu wa mitaa ndio waliosimulia maisha yao, kazi ya kampuni ya migodi ya Union Minière, kambi, ndoa, na maonyesho yakafanyika humuhumu mjini. Aliyesimulia aliweza kuja kuangalia wamemfanya nini. Hilo ndilo kipimo changu cha kwanza ninapoletewa pendekezo la utafiti: je, aliyejibu anaweza kufika kwa miguu, au kwa basi moja, mahali jibu lake linapoonyeshwa?

Sasa tathmini. Hapa ndipo watu wanapolegea, kwa sababu kumuuliza mgeni "umeonaje maonyesho yetu" kunaonekana kitu kidogo.

Kufuatilia wageni ndani ya makumbusho si jambo jipya. Mwaka 1916 Benjamin Ives Gilman wa Boston alichapisha picha za mtu anayeinama na kujipinda ili aone vitu vilivyowekwa chini mno kabatini, akionyesha kwamba uchovu wa mgeni unasababishwa na waliopanga vitu. Kazi nzuri ile, lawama ilikwenda panapostahili. Miaka ya 1920 Edward Robinson wa Yale, na baada yake Arthur Melton, wakaanza kuwafuata wageni kimyakimya na saa mkononi, kuhesabu sekunde wanazosimama mbele ya picha. Wageni hawakujua. Kwa Yale huenda ilipita. Kwetu, mtu akigundua kuna anayemfuata chumba hadi chumba akiandika kwenye karatasi, ataondoka, na kesho atawaambia jirani zake makumbusho kuna watu wa usalama. Makumbusho mengi yanayojiheshimu siku hizi yanabandika tangazo mlangoni: leo kuna watafiti ndani wanaangalia namna wageni wanavyotembea, hatuandiki jina, usiyependa mwambie mhudumu. Karatasi moja na gundi.

Niwape nililoliona. Jumba moja la maonyesho, sitalitaja, lilipokea darasa la tano la shule ya msingi. Mhoji akagawa karatasi, watoto wakakaa chini, karatasi wameegemeza magotini. Mwalimu akawa anapita nyuma yao. Kila alipoinama juu ya mtoto, mtoto alifuta. Binti mmoja wa nyuma alikuwa ameandika kwamba barakoa zilimtisha na alitaka kutoka nje. Mwalimu alipokaribia, akafuta kwa mate na kidole mpaka karatasi ikatoboka. Mwishowe karatasi karibu zote zilikuwa na sentensi moja, ya mwalimu. Ripoti iliyopelekwa kwa mfadhili ilisema watoto wote waliridhika.

Niambieni makumbusho yale yalijifunza nini. Yule binti alikuwa na jibu la maana kuliko yote: barakoa zilitundikwa bila neno hata moja la kumweleza mtoto zilivaliwa na nani na kwa sherehe gani. Jibu lile lingebadilisha chumba kizima. Liliishia kwenye tundu la karatasi.

Kwa hiyo kwa watoto: ruhusa ya mzazi ipitie shuleni mapema, kisha mtoto mwenyewe aulizwe kama anataka, na akikataa aende kucheza bila mtu kumkunjia uso. Mwalimu akae mbali. Jina lisiandikwe. Na usiwaulize "umependa nini" peke yake. Uliza pia kilichomchosha, kilichomtisha, kile ambacho hakukielewa.

Jambo la pesa. Sote tunajua habari ya "pesa ya transport", ile anayopewa mtu aliyehojiwa. Wapo wanaosema ukimpa mtu pesa umeununua mdomo wake. Wapo wanaotoa bahasha mwishoni, kulingana na utamu wa majibu, na hiyo ndiyo mbaya kabisa: mzee wa kwanza akipata nyingi kwa kusimulia mizimu, kufikia jioni mtaa mzima una mizimu. Msimamo wangu: muda wa mtu una thamani, mlipe. Kiasi kiwe sawa kwa wote, kitajwe kabla ya swali la kwanza, na apewe hata kama ataacha katikati.

La mwisho kwa leo, na kwangu ndilo zito zaidi. Tulikuwa uani kwa mama mmoja mzee, na mtafiti aliyenizidi cheo, tunamwonyesha picha ya kibuyu cha mganga cha Kiluba. Akaanza kueleza babu yake alivyokitumia. Ghafla akanyamaza, akaniangalia: "Hii usiandike, mtoto wangu. Hii ni ya nyumba yetu." Mtafiti akaitikia kwa kichwa, kalamu akaweka chini, kinasa sauti akakiacha kinaendelea. Mama hakujua taa ile nyekundu maana yake nini. Nilikichukua, nikakizima, tukarudisha nyuma tukasikiliza wote watatu mpaka pale aliposema, na nikafuta mbele yake. Tulivyokuwa tunatoka yule mkubwa hakunisemesha. Mama alitualika kurudi.

---

Mtoto_wa_Gécamines (Katuba)

Yaya, aksanti. Ile neno ya transport iko kweli kabisa. Huku kwetu batu banakuyaka na makartasi, banaulizaka baba habari za kazi, za kambi, za mushahara, kisha banaenda, na haturudi kubaona tena. Baba yangu banamuuliza mara mingi sana. Alikufa bila kuona hata kartasi moja ya ile maneno yake. Miye ningependa tu kusikia sauti yake. Iko wapi? Nani iko nayo? Hakuna mutu anaweza kunijibu.

---

Mwana_Kamalondo

Pole sana ndugu yangu. Hilo ulilosema ndilo lililonifanya nifungue uzi.

Kanda ya baba ni mali ya familia kabla haijawa ya mtafiti. Siku hizi nakala ya sauti ni kitu cha dakika mbili kwenye simu. Mhoji yeyote anayeondoka bila kuacha nakala na namba ya simu amefanya nusu ya kazi. Kama unakumbuka hata kwa kukadiria mwaka na chuo walichotoka, niandikie pembeni, nitauliza ninapoweza kuuliza. Mahojiano mengi ya wafanyakazi wa zamani yalifanywa na wanafunzi wa historia, na kuna waliotunza kanda vizuri.

---

Mwanafunzi_Kasapa

Mkubwa, naomba msaada. Miye nafanya tathmini ya maonyesho ya mambo ya kale. Msimamizi wangu anataka kila niliyemhoji asaini fomu ya idhini, kurasa mbili za Kifaransa. Wazee wakiiona wanauliza kama ni mambo ya kiwanja. Mmoja alikataa kabisa, alisema mara ya mwisho aliposaini karatasi alipoteza nyumba. Nifanyeje?

---

Mwana_Kamalondo

Mzee yule ana akili timamu. Ameombwa kuweka kidole kwenye karatasi asiyoweza kuisoma, amekataa. Ni idhini ya namna gani ambayo mtu hawezi kuielewa?

Idhini ni mazungumzo. Saini inakuja baadaye, kama inahitajika. Mwambie msimamizi wako kwamba idhini ya mdomo, iliyonaswa, inakubalika kwenye utafiti wa watu wazima, mradi uonyeshe ulisema nini. Mimi nasema hivi, na huwa nasema taratibu:

"Mama, jina langu ni fulani, natoka mahali fulani. Nauliza habari za vyungu hivi kwa sababu makumbusho wanataka kujua kama maelezo waliyoyaweka yanaeleweka. Sauti yako nitaisikiliza mimi na mwalimu wangu. Jina lako naweza kuliandika au kuliacha, utaniambia. Swali usilolipenda, ruka. Ukichoka, tunaacha, na pesa ya muda wako utapata vilevile. Ukijuta neno ulilosema, nipigie kabla ya mwezi fulani, nitalitoa. Baada ya hapo kitabu kitakuwa kimetoka, sitaweza tena. Umesikiaje? Niambie kwa maneno yako."

Hilo la mwisho usiliache. Akikurudishia kwa maneno yake ndipo unajua kama ameelewa au amekubali kwa heshima tu. Wazee wetu wanakubali mengi kwa heshima.

Kuhusu sheria, msimamizi wako asifikiri haya ni mapenzi ya mtu mmoja. Kanuni za maadili za ICOM, baraza la kimataifa la makumbusho, zilipitishwa Buenos Aires mwaka 1986 na kupitiwa upya mwaka 2004. Na tafsiri mpya ya nini ni makumbusho, iliyopigiwa kura Prague Agosti 2022, inataka ushiriki wa jamii na kazi ya kimaadili. Kwetu hapa kuna Sheria ya Dijitali ya tarehe 13 Machi 2023, ambayo imeweka masharti juu ya data binafsi, na idhini ya mwenye data ni mojawapo. Sauti ya mtu pamoja na jina lake kwenye simu yako ni data binafsi. Simu ikiibiwa soko la Kenya hapa mjini, umepoteza vya watu.

Na kwa vile kazi yako ni mambo ya kale, nakuongezea swali. Vyungu vya Sanga, vile vilivyochimbwa kando ya Ziwa Kisale mwaka 1957 na 1958 na akina Nenquin na Hiernaux, vilitoka makaburini. Walizikwa navyo watu. Ukimuuliza mgeni "vinapendeza?" bila kumwambia vilikaa pembeni ya maiti kwa karne nyingi, umepata jibu la mtu aliyefichwa jambo. Mweleze kwanza, kisha uliza. Utashangaa majibu yatakavyobadilika, na hasa ukimuuliza mtu wa Upemba, bonde lenye ziwa lile.

---

Mama_Maonyesho

Nasoma kwa heshima, lakini niseme kama mtu anayesimamia ziara za wageni. Baba, haya mengine ni magumu. Ukibandika tangazo kwamba watu wanaangaliwa, watatembea kama wako kanisani. Utasoma nini hapo? Na sisi hatuna pesa. Mfadhili anataka ripoti kwa wiki chache, anataka namba, na namba zikiwa mbaya mradi unakufa, na wafanyakazi wenye watoto wanakosa kazi. Wewe unakuja kuhoji na kuondoka, sisi tunabaki.

---

Mwana_Kamalondo

Mama, asante kwa kusema wazi. Sitalijibu harakaharaka.

Kwanza la tangazo. Ni kweli watu hujirekebisha wakijua wanaangaliwa. Lakini ndani ya dakika chache wanasahau, hasa aliyekuja na watoto. Usihesabu kile chumba cha kwanza, anza cha pili. Data unayopoteza hapo ni ndogo. Na kama swali lako ni watu wangapi wanasimama mbele ya kabati fulani, hesabu tu vichwa, usimfuate mtu. Hapo hakuna anayedhurika.

La mfadhili ni gumu zaidi, na sitajifanya nina dawa. Ninachofanya ni kuandika kwenye makubaliano, kabla ya kazi kuanza, kwamba ripoti itakuwa na sehemu ya yaliyoshindikana na kwamba sehemu hiyo haitaondolewa. Kuna mfadhili mmoja alikataa, nami nikaiacha kazi. Wengine walikubali bila shida. Walikuwa wamechoka kuletewa ripoti za sifa tupu. Tathmini ambayo haiwezi kusema "chumba hiki hakieleweki" inawaumiza ninyi mnaobaki kuliko mimi ninayeondoka, kwa sababu mwakani mtajaza pesa kwenye chumba kilekile.

Na mkiwa hamna pesa, fanyeni ndogo. Wageni wachache mkizungumza nao vizuri, kwa Kiswahili, kwenye benchi nje, wanatosha kuonyesha kibao gani kibadilishwe. Maswali mengi yasiyojibiwa kwa moyo hayasaidii hata yakijaza kabati.

---

Mlega_Bukavu

Nawasalimu kutoka Bukavu. Ndugu wa Kamalondo, umegusa habari ya yule mama na kibuyu, nami nina la kuongeza upande wetu wa Mwenga.

Vitu vya Bwami, chama chetu Walega chenye madaraja na mafundisho, vile vinyago vidogo na sanamu za pembe ambazo ulaya wanaziweka kwenye vioo na taa, kwetu havikuwa vya kuangaliwa na kila mtu. Mtu alifundishwa maana yake kwa methali, kwa nyimbo, kwa daraja aliyofikia, na alilipia mafundisho hayo. Wakoloni waliipiga marufuku Bwami mwaka 1948, na vitu vingi vikatoka wakati huo wa shida. Leo mtafiti anakuja na picha kwenye kompyuta ndogo, anamwonyesha mzee mbele ya wajukuu na wanawake wa jirani, anamuuliza "hii maana yake nini?" Mzee akijibu amevunja kiapo, akinyamaza mtafiti anaandika "mhojiwa hakujua". Nimeona kwa macho yangu maneno hayo kwenye tasnifu. Mhojiwa alijua vizuri sana.

---

Mwana_Kamalondo

Ndugu wa Bukavu, umenipa kitu nitakachokifundisha.

Hata Waluba walikuwa na lukasa, ule ubao wa shanga: waliousoma ni waliofundishwa katika Mbudye, chama cha watunza kumbukumbu, si kila mpita njia. Kwa hiyo kwenye dodoso zangu naweka majibu matatu tofauti ambayo watu huyachanganya: hajui, anajua ila hasemi, na anajua ila anataka kusema kwa mtu mwingine, mahali pengine. Na picha humwonyeshi mzee mbele ya watu. Unamuuliza kwanza kwa maneno tu, "nina picha ya kitu fulani, niitoe?" Akisema twende ndani, mnaingia ndani. Akisema iache, inabaki mfukoni, na makumbusho waelezwe kwamba kuna mwenye kitu ambaye hataki kionekane hovyo. Hayo nayo ni matokeo ya utafiti.

---

Mwanafunzi_Kasapa

Mkubwa, nimeongea na msimamizi. Idhini ya mdomo amekubali, ila niandike maneno yenyewe kwenye kiambatisho. Sasa anataka nifiche majina ya wote, nitumie namba: Mhojiwa wa 1, wa 2. Lakini mzee mmoja, aliyekuwa mchimbaji, ameniambia "jina langu uliandike kubwa". Nimfiche?

---

Mwana_Kamalondo

Usimfiche. Kumwita "Mhojiwa wa 4" mtu aliyefanya kazi ya mgodi maisha yake yote, na alikuwa na namba ya kampuni shingoni mwake siku hizo zote, ni kumrudisha kulekule. Kuficha jina ni ulinzi kwa anayeuhitaji. Asiyeuhitaji na anayetaka kutambuliwa, jina ni haki yake.

Ila angalia jambo moja. Akisimulia yeye mwenyewe, sawa. Akianza kutaja wengine, kwa mfano nani alisimama na nani aliwachongea wenzake kwenye mgomo wa wafanyakazi wa Union Minière wa Desemba 1941, wale hawakukupa ruhusa, na wajukuu wao ni majirani zake hapo hapo mtaani. Kwa hao weka herufi tu. Msomee ukurasa huo kabla hujaupeleka chuoni, kwa Kiswahili, akiwa amekaa na mtu wa nyumbani kwake. Kama anataka kurekebisha, mpe kalamu. Na ukirudi, nenda na nakala mbili: moja yake, moja ya makumbusho, iwekwe pale ambapo mgeni anaweza kuiomba na kuisoma.